Naomba ushauri: koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku) inarudi kila masika, Moshi

Wakuu, salaam. Kuku chotara 40, wiki ya 6, banda la mbao hapa Moshi. Kinyesi kina damu, mabawa yameshuka, wanajikunyata kona moja. Wakipewa amproliamu ya asilimia 20, gramu 1.2 kwa lita ya maji, siku 5, wanapona. Wiki 3 mbele, yaleyale. (Vitamini hazichanganywi humo: dawa hii inafanya kazi kwa kuzuia B1, ukiongeza B1 umeiua dawa.)

Nahisi kiini ni maranda. Chini ya chombo cha maji, ukiyabana kiganjani yanashikana donge, na mayai ya koksidia yakipata unyevu na joto yanakomaa ndani ya siku 2 hivi. Dawa nyingi za kupulizia bandani haziyaui.

Sasa, chombo nikiinue usawa wa mgongo wa kuku na kukiweka juu ya wavu, au nihamie vinyweshea vya chuchu? Maranda yatoke yote baada ya kila tiba, au kugeuza na kuongeza makavu kunatosha? Halafu utitiri mwekundu kwenye nyufa za fito za kulalia, mchana huuoni: mnapaka nini kisichodhuru kuku?