Naombeni ushauri: haya maneno ya mazingira yanamaanisha nini? Kikao ni Ijumaa

Kasia Moja:
Wakuu habari za jioni. Naombeni mnieleweshe maneno yafuatayo kwa lugha ya kawaida, kikao cha huku kwetu Ziwa Victoria ni Ijumaa na mi ndo natakiwa nisimame niwaeleze watu. Ripoti yenyewe ni ya kiingereza, aliyekuja nayo aliisoma kwa sauti mi nikawa naandika kwenye daftari nilivyosikia, kwahiyo nikikosea mtanisamehe: ikosistemu, bayodaivesiti, yutrofikesheni, kerin kapasiti, kumyuletivu impakti, beizlaini data, mitigesheni. Nikitafuta mtandaoni naletewa kiingereza hicho hicho. Mi niliishia form four. Naombeni haraka, tangu Jumapili silali vizuri.

Binti Sengerema:
Ikosistemu ni mfumo ikolojia, yaani viumbe wote wa mahali fulani pamoja na maji, udongo, jua na hewa, na jinsi wanavyotegemeana. Bayodaivesiti ni bayoanuwai, wingi wa aina za viumbe. Sio wingi wa samaki, wingi wa AINA. Ziwa likijaa sangara watupu lina samaki wengi lakini bayoanuwai ndogo. Hayo mengine nakuja, niko kwenye daladala.

Mzee wa Nyavu:
Wataalam na maneno yao. Mi nimevua miaka thelathini, tatizo la ziwa ni kokoro na timba, hizo nyavu haramu, basi. Mtu anavuta kokoro anabeba mpaka watoto wa sato wa kidole kimoja halafu kesho analia samaki hakuna. Mwaka ule tulikamata mmoja hapa kwetu, nyavu zikachomwa, wiki ya pili yuko majini na mpya. Mleta uzi waambie watu wako waache kokoro, hayo maneno hayatawasaidia.

Chumvi ya Magadi:
Nakaa hapa nasubiri Binti Sengerema ashuke kwenye daladala 😂

Mama Ukara:
Hilo neno bayoanuwai linanikumbusha furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Watoto wa siku hizi hawajui furu walivyokuwa, marehemu bibi alikuwa anawaanika juu ya mawe, wengine wekundu, wengine wa bluu, wengine wana mistari, kila mmoja na jina lake. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba inakadiriwa ziwa lilikuwa na aina kama 500 za furu ambao hawako popote duniani isipokuwa humu, halafu sangara aliletwa miaka ya 50, ilipofika miaka ya 80 ameenea kila mahali na furu wakapukutika, inakadiriwa aina 200 au zaidi hazionekani tena. Bibi alikuwa anasema tu "furu wameenda wapi". Jibu analo sangara, ingawa sangara huyo huyo ndo alinisomesha mimi. Nikifikiria hapo huwa naumia.

Daktari wa Mimea:
@Kasia Moja kabla sijajibu, ripoti inahusu nini? Maneno yote hayo kwa pamoja ni ya tathmini ya athari kwa mazingira, TAM. Mradi gani? Wewe ni nani kwenye hicho kikao?

Kasia Moja:
Ni mradi tu wa samaki mkuu. Mi nasaidia kutafsiri. Naomba maana za maneno kwanza.

Binti Sengerema:
Nimefika. Yutrofikesheni ni maji kurutubishwa kupita kiasi. Naitrojeni na fosforasi zikiingia nyingi majini, iwe kutoka mbolea za mashamba, vyoo, au chakula cha samaki kilichobaki, mwani unashamiri, maji yanakuwa ya kijani kama uji wa mchicha. Mwani ukifa unazama na kuoza, vijidudu vinavyoozesha vinatumia oksijeni, huko chini samaki wanakosa pumzi.
Kerin kapasiti ni uwezo wa mazingira kubeba. Kama mtumbwi, una idadi ya watu unaoweza kuwabeba, ukizidisha hauzami siku hiyo hiyo lakini wimbi la kwanza tu mmekwisha.
Kumyuletivu impakti ni athari limbikizi. Kizimba kimoja cha samaki, yaani wavu wa kufugia unaowekwa majini, kinaweza kisiwe na neno. Weka vizimba 40, ongeza mbolea inayoshuka na mvua, ongeza vyoo vya mwaloni wavuvi wanakoshusha samaki, ongeza mchanga wa mto, JUMLA ya hivyo ndo inayotakiwa kupimwa.
Beizlaini data ni taarifa za hali ya awali, yaani maji yalikuwaje kabla mradi haujaanza. Bila hizo huwezi baadae kusema mradi umeharibu, utalinganisha na nini?
Mitigesheni ni hatua za kupunguza madhara. Soma vizuri, KUPUNGUZA. Sio kuondoa.

Kasia Moja:
Asante sana dada yangu, Mungu akubariki. Umejuaje kama ni vizimba?

Daktari wa Mimea:
Mradi wa samaki ziwani wenye neno yutrofikesheni utakuwa nini kama sio vizimba. Sasa sema ukweli kaka. Vinawekwa wapi? Nakala ya ripoti iko wapi? Na wewe ni nani?

Gugumaji Survivor:
Mnaongelea kuoza nami niseme yangu. Katikati ya miaka ya 90 nikiwa darasa la tatu, gugumaji liliziba ghuba yetu mpaka unaweza kudhani ni shamba. Mmea wa Amerika Kusini huko, ukaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 80, haukuwa na adui hapa, hiyo ndo maana ya spishi vamizi, sio kila mgeni ni mvamizi, mvamizi ni yule anayeenea na kuwaumiza wenyeji. Mama mdogo alipatwa na uchungu usiku, boti ikashindwa kutoka, wanaume wakawa wanakata majani kwa panga mbele ya boti mpaka alfajiri. Mtoto alizaliwa humo humo kwenye boti. Baadae wakaletwa wadudu wa kulitafuna, na mawimbi yakalivunjavunja, likapungua. Na lilikuwa linanenepa kwa mbolea hizo hizo anazosema Binti Sengerema.

Kasia Moja:
Pole sana mkuu.
Haya naomba niwe muwazi. Mi ni katibu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, ya mwalo wetu. Ni vizimba vya sato, vitawekwa kwenye ghuba yetu, ile yenye matete na mafunjo. Nakala walisema iko ofisini kwao. Na mi nimeshasaini.

Daktari wa Mimea:
Umesaini nini?

Kasia Moja:
Muhtasari wa kikao cha kushirikisha jamii. Umeandikwa wanakijiji walielezwa athari na wakaridhia. Tulikuwa watu kumi na moja siku hiyo. Kwenye karatasi yapo majina sitini. Nilipewa laki mbili, walisema ya usumbufu.
Lakini kabla hamjanihukumu sikilizeni. Vijana huku hawana kazi, mtu anaingia ziwani usiku kucha anatoka na kilo mbili, mafuta hayajarudi. Jamaa wameahidi ajira na watanunua dagaa wetu kwa ajili ya chakula cha samaki. Laki mbili nimelipia ada. Na vizimba viko sehemu nyingi ziwani na serikali inahamasisha. Kwahiyo sioni kama nimefanya kosa, nataka tu Ijumaa nieleze vizuri.

Mwalimu wa Zamu:
Kijana rushwa ni rushwa hata ukiiita usumbufu. Mungu anaona na watoto wako watakunywa maji hayo hayo. Rudisha hiyo hela leo.

Mzee wa Nyavu:
Kumbe BMU ndo nyie. Ndo maana kokoro haziishi.

Hakimu Mstaafu:
Swali la msingi hapa ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kesi imeisha.

Daktari wa Mimea:
Mheshimiwa, hizo mita 60 ni za kulinda ukingo, hazikuambii kizimba kikae wapi majini. Hapa swali ni hiyo ghuba. Matete na mafunjo ni mazalia na makulia ya samaki. Sato anachimba kiota maji ya kina kifupi, vifaranga wanajificha kwenye matete. Ukiweka vizimba ghubani ambako maji hayatembei, kinyesi na chakula vinatua pale pale. Mimi sipingi vizimba jamani, vikikaa kwenye maji ya kina yenye mkondo ni ufugaji mzuri tu.

Jaduong wa Dunga:
Niko Kisumu, wacha niwaambie yenye tuliona. 2022 mwezi wa kumi na moja watu waliamka asubuhi wakapata samaki wa vizimba wameelea, tani na tani, harufu ilikuwa mbaya sana. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yalipanda juu, samaki wako ndani ya wavu atakimbilia wapi? Rafiki yangu alikuwa na loni ya benki, mpaka leo analipa samaki wenye hakuuza. Kwahiyo hata hao wawekezaji wenu wakiweka mahali pabaya wataumia, si nyinyi tu.

Kaka wa Nyasaka:
Samahanini wakuu ila hii ni CHAI. Mleta uzi kajiunga juzi. Hana picha hata moja ya ripoti. Kiingereza hajui ila kasikia "kumyuletivu impakti" akaiandika bila kukosea. Katibu wa BMU asijue mazalia? Huyu ni mwanachuo anatafutiwa asainmenti na nyie mnamjazia.

Chumvi ya Magadi:
Daah. Ujue nami nilishangaa majina sitini.

Binti Sengerema:
Hata kama ni asainmenti maana za maneno ni zile zile. Ila Kasia Moja jibu kitu kimoja kisichoandikwa kwenye kitabu. Hapo ghubani kuna kina gani, na wavu wa kizimba una kina gani?

Mwalimu wa Zamu:
Amekimbia.

Mama Ukara:
Mpeni muda, huko mtandao unakatika.

Kasia Moja:
Sijakimbia. Nimesoma yote niliyoitwa hapa na nimeumia, ila nimejitakia kwa kuficha. Mazalia nayajua, kila mvuvi hapa anayajua, hatutegi pale kuanzia zamani za babu. Nilichokuwa sijui ni kwamba yale maneno ya kiingereza yanaongelea pale pale. Aliposoma "bridingi eria" nilidhani ni sehemu ya kufugia samaki wao.
Leo asubuhi nimeenda na baba mdogo na mtumbwi, tumefunga jiwe kwenye kamba. Kwenye maboya waliyoweka ni pima tatu na mkono, tumepima mara nne. Wavu wao alisema mita tano. Ukivuta kasia pale tope linapanda lina harufu.

Binti Sengerema:
Pima tatu na mkono ni kama mita sita. Wavu wa mita tano ubaki na mita moja tu mpaka kwenye tope? Hapana. Hapana kabisa. Uchafu hauna pa kwenda, samaki watakuwa wanaogelea juu ya choo chao.
TAFIRI, wale wa utafiti wa uvuvi, wana kituo Mwanza, kupima kama eneo linafaa ni kazi yao, nenda na hivyo vipimo vyako. Na ripoti ya TAM wananchi wana haki ya kuiona na kutoa maoni, anayekuambia iko ofisini mwambie ailete kikaoni pamoja na muhtasari wake wa kiswahili.

Daktari wa Mimea:
Na barua kwa NEMC, baraza la mazingira, ofisi ya kanda, kwamba muhtasari uliosaini sio sahihi. Ni wewe wa kuiandika, hakuna mwingine. Itakuuma ila ikitangulia wewe kusema ni tofauti na kugundulika.

Kaka wa Nyasaka:
Mkuu mi naomba radhi. Pima tatu na mkono haiko kwenye asainmenti yoyote.

Kasia Moja:
Hamna shida kaka.
Laki mbili sina ya kurudisha sasa hivi, nitauza injini ndogo. Nimemwambia mwenyekiti, amenyamaza muda mrefu halafu akaniuliza kama na jina lake lipo kwenye yale sitini. Lipo. Lipo na la mama yake, na yule mama alifariki mwaka juzi.
Binti Sengerema naomba nisaidie moja la mwisho, Ijumaa nikisimama hilo neno la athari limbikizi niliseme vipi kwa kisukuma wazee wanielewe?

Mama Ukara:
Mi ni mkerewe ila nimeolewa usukumani, njoo inbox tulitafute pamoja.