Naomba ushauri: mchoro wangu wa tatuu umenakiliwa

Hamjambo ndugu zangu. Nachora tatuu hapa Mombasa. Kuna mchoro niliombunia mteja, maua ya nakshi za milango ya Mji wa Kale yakipanda hadi begani. Sasa fundi mwenzetu ameunakili mstari kwa mstari na kuutangaza Instagram kama wake. Imeniuma sana. Nakshi ni za mababu zetu, sizidai. Ninachodai ni ule mpangilio, nao niliusumbukia kwa penseli. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda kazi ya sanaa hata isiposajiliwa, na rasimu zangu ninazo. Je, nisajili kwanza KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya), au nimfuate tuzungumze? Mteja wake hana kosa, sitaki asumbuliwe. Aliyepitia haya, ulianzia wapi?