Mrejesho: yule mchawi wangu anayekausha ziwa

Habari zenu wadau. Mwezi uliopita niliwauliza nifanyeje na adui mkuu wa kampeni yetu, yaani hadithi ndefu tunayoigiza kwa vikao, katika mchezo wa mezani wa kurusha dadu, Dungeons & Dragons hapa Kisumu: mchawi anayekausha ziwa, ambaye wachezaji wangu wanne hawakumwogopa hata kidogo. Nawashukuru sana nyote mlionijibu.

Kwanza nilifuata ushauri wa kumpa sababu. Sasa ni mvuvi aliyepoteza mwanawe majini, anakausha ziwa ili apate mwili azike. Kisha nikawakutanisha naye mapema, bila vita. Walimkuta ufuoni akishona nyavu. Akawagawia ngege wa kuchoma, akamuuliza kila mmoja kama ana mtoto. Dada anayecheza shujaa wa upanga alikuwa tayari ameshika dadu. Akairudisha mezani polepole, akasema, "Huyu siwezi kumpiga." Meza nzima ikanyamaza.

Palipokwama ni udhaifu wake. Mlisema nifiche siri ya nguvu zake, nami nikaificha kwenye kivuli chake, kama ya Luanda Magere, yule shujaa wa hadithi za Waluo ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini. Lakini huku hadithi hiyo tumesimuliwa na nyanya zetu! Kikao cha tatu tu wakalenga mkuki kivulini, dadu ya pande 20 ikaangukia 20, ambayo hupiga bila ubishi na kuongeza dadu za madhara maradufu. Mchawi akafa, nami nilikuwa nimepanga vikao kumi.

Udhaifu wa adui anayefuata nitaubuni mwenyewe. Jumamosi tunaendelea na mjane wake, ambaye bado anautafuta ule mwili.