Naomba ushauri: gari lililounganishwa Miritini au la kutoka Japani?

Ndugu zangu, assalamu alaykum. Nimeweka akiba kwa miaka minne ili ninunue gari la familia, na sasa fedha zinapokaribia kutimia, nafsi inanivuta huku na huku.

Marehemu baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha kuunganisha magari kilichopo Miritini, naye hakuchoka kutukumbusha kwamba kila gari linalotoka pale limelisha nyumba kadhaa za hapa hapa Mombasa. Hata gari la Nyayo, lililoundwa hapa hapa Kenya na kuzinduliwa mwaka 1990 na mradi wake ukaishia njiani, hakukubali tulicheke mbele yake. Kwa hiyo kila nipitapo kwenye yadi za magari yaliyotumika Japani, ambayo hushushwa Kilindini kwa sharti la kutopita miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza, huona kama ninamsaliti.

Lakini mfuko nao una kauli yake. Gari jipya lililounganishwa nchini limenizidi uwezo kwa mbali, ilhali la Japani naweza kulilipa taslimu, na spea zake hata fundi wa mtaani kwetu Kisauni anazijua. (Nakiri kwamba vipande vya hayo ya Miritini navyo huja kwa meli.)

Imebaki njia ya tatu, yaani kununua lililounganishwa hapa na kutumika hapa. Waliolinunua la namna hiyo, naomba mnieleze: chumvi ya bahari huwa imekula chuma cha chini kiasi gani, na nimwombe fundi akague wapi kwanza kabla sijatoa fedha?