Kura za Big Brother kufundishia Uraia: ni uhuni?

Mwalimu wa Zamu: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Uraia kidato cha pili, shule ya kata. Mada ilikuwa uchaguzi, nikawaletea Big Brother Africa ya 2014, lile shindano la runinga la washiriki kufungiwa nyumba moja, ile ambayo Mtanzania Idris Sultan alishinda dola 300,000. Kura za watazamaji zilihesabiwa kwa nchi: Nigeria na watu wake wote ilikuwa na kura moja, Malawi nayo moja. Nikawauliza kama hiyo ni haki. Walibishana mpaka kengele ikalia, na wale wanaosinziaga nyuma ndio walioongoza. Mwalimu wa taaluma kaniambia naingiza uhuni darasani. Mnasemaje?

Mama Wawili: Yuko sahihi. Kipindi chenyewe kilikuwa na kamera mpaka bafuni! Hao Malawi unaowatolea mfano walikifungia.

Kisiwani: Bunge lao ndilo lililokifungia, 2003, msimu wa kwanza. Mahakama ikakirudisha. Tena hilo nalo ni somo la Uraia, mihimili miwili inavutana.

Mama Wawili: Sijauliza mihimili, kaka. Nimesema bafuni.

Mwalimu wa Zamu: Mama, hakuna aliyeangalia kitu. Shule haina hata projekta. Nilichora jedwali ubaoni, nchi huku, kura kule.

Jembe Halimtupi: Si bora ungechukua Maisha Plus ya Masoud Kipanya? Vijana wanawekwa kijijini, wanalima, wanachota maji. Hapo una Jiografia, una Kilimo, una stadi za kazi, na hakuna mzazi atakayelalamika.

Mzee wa Posta: Mnajichosha. Hao wa shule za kata hata uwaletee Idris mwenyewe darasani, matokeo yatakuwa yaleyale.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Rudia hapo, Mzee wa Posta. Mimi nimesoma kata. Fizikia hatukuwa na mwalimu mpaka tunamaliza, tulifundishana wenyewe. Leo nawachoma sindano wajukuu zenu.

Mzee wa Posta: Binti, wewe ni mmoja. Wenzako wako wapi?

Nesi wa Zamu ya Usiku: Wenzangu wengine ni walimu, kama huyu unayemvunja moyo. Kabla ya MMES, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kuanza 2004, wilaya nyingine ilikuwa na sekondari ngapi? Mtoto akimaliza la saba ni shamba au kuolewa.

Kisiwani: Majengo yalitangulia, walimu wakachelewa. Hilo mzee ana haki ya kulisema.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Alisema wanafunzi, hakusema majengo. Usimsaidie.

Jembe Halimtupi: Jamani, na Maisha Plus?

Mama Wawili: Mwalimu, nijibu kwa utaratibu. Kwenye andalio la somo uliandika Big Brother au uliandika uchaguzi?

Mwalimu wa Zamu: Niliandika uchaguzi, mama, na zana ni jedwali la kura. Ila nimeumia zaidi kwa alichosema mzee. Swali bora siku ile liliulizwa na binti anayekaa dawati la mwisho: "Sasa mtu wa Nigeria kura yake ina thamani gani?" Huyo ndiye anayeambiwa matokeo yatakuwa yaleyale.

Mzee wa Posta: Nilisema kwa ujumla.

Nesi wa Zamu ya Usiku: Wajukuu wako wanasoma wapi, mzee? Taja tu kata au binafsi.