Mjomba nahodha anakuja Mombasa, Fort Jesus nimwonyeshe nini?

BintiMtwapa
Salaam wanajamvi. Mjomba wangu anakuja kutoka Tanga wiki ijayo. Ujana wake wote kaendesha majahazi, Tanga, Pemba, Mombasa. Akifika hapa ilikuwa ni kuteremsha mzigo Bandari ya Zamani na kung'oa nanga, kwa hivyo Ngomeni, yaani Fort Jesus, ameiona kutoka baharini tu, ndani hajatia mguu. Sasa goti moja lamsumbua na hana subira na mtu wa kumsomesha. Mimi niliingia na shule zamani, nakumbuka mizinga na jua kali. Tuna asubuhi moja. Tuanzie wapi? Na tuchukue mtu wa kututembeza?

Kibokoni_Halisi
Mtu wa bahari usimwanzishie na kuta. Nendeni moja kwa moja kwenye makumbusho, penye vitu vya meli ya Wareno, Santo Antonio de Tanna. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696, Wareno ndani wakawa wanakufa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Meli hiyo ikaja kutoka Goa, ngome yao ya India, na msaada, ikaishia kuzama hapo hapo chini ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi walianza kuichimbua 1977. Vyombo vilitolewa, lakini mwili wa meli uliachwa chini. Mwambie mjomba kwamba kila alipopita na jahazi lake kuingia bandarini, meli ya watu ilikuwa imelala pale karibu. Hapo atakusikiliza.

Ngome yenyewe iliangukia mikononi mwa Waomani Desemba 1698.

MamaWaviazi
Nendeni mapema, mlango ukifunguliwa tu. Saa tano jua la mule ndani halina mchezo, ni jiwe la matumbawe chini na jiwe ubavuni. Tuktuk itawashusha mlangoni, msihangaike na gari. Kila mtu abebe kitambulisho, kiingilio cha mgeni si sawa na cha mwananchi.

Kibokoni_Halisi
Nimesahau kubwa zaidi. Kuna kipande cha ukuta walichochora Wareno waliokuwa zamu, kwa mkaa na udongo mwekundu. Wamechora watu, na wamechora meli. Mwache mjomba mbele yake, usimharakishe. Wengi hupita pale wakipiga selfi, ila mtu aliyefunga tanga kwa mikono yake atakwambia kama mchoraji alikuwa baharia kweli au askari aliyechoshwa na lindo.

BintiMtwapa
Huyo utakuwa umemjua mjomba bila kumwona 😂 Na ile njia ya kuteremkia baharini, goti litakubali?

Mzee_wa_Makadara
Ile iliyochongwa kwenye mwamba? Aiangalie kwa juu tu, binti. Ngazi zile si za goti bovu. Cha maana ni aelewe kwa nini ilichongwa: ngome ikizingirwa upande wa bara, mlango uliobaki ni wa bahari. Aliyechora ramani ya ngome ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ikajengwa 1593 mpaka 1596, na yeyote aliyetaka kuingia bandarini ilibidi apite mbele ya mizinga yake.

Mimi nina lalamiko. Kila siku Wareno na Waomani, Yusuf bin Hasan hamumtaji! Mtoto wa ukoo wa kifalme wa hapa, akapelekwa Goa, akabatizwa, akarudishwa kutawala kwa jina la Dom Jerónimo. Agosti 1631 akaivamia ngome na kumuua kapteni wa Kireno. Wareno wakaja kuizingira mwaka uliofuata, wakashindwa. Naye akaamua mwenyewe kuihama, akaondoka na meli, akawa mtu wa kuwinda vyombo vya Wareno baharini hadi alipofariki 1638. Msimulie mjomba hiyo mkiwa juu ya ukuta unaotazama maji.

TuktukTudor
Mzee umenifundisha leo. Mimi nilijua habari ya jela tu, Waingereza walifungia watu mule tangu 1895 hadi 1958.

Kuhusu wa kuwatembeza: nje mtapokewa na vijana kabla hata hamjalipa tuktuk. Wako wanaojua na wako wanaobahatisha. Ukimtaka mmoja, patana bei kwanza, na umwambie mapema mzee ni baharia, asimpigie hadithi za watalii.

MamaWaviazi
Na isiwe Ijumaa, mkitoka mtakuta Mji wa Kale umefungwa kwa sala na mzee ataka kahawa.

BintiMtwapa
Ahsanteni sana. Jumatano basi. Tukitoka Ngomeni nampitisha Bandari ya Zamani kwa miguu, polepole, au ni mbali kwa goti lake?

Mzee_wa_Makadara
Si mbali. Ila mtachelewa, maana kila baraza mtakayopita atakuta mtu wa kumuuliza habari za kusi na kaskazi. Bebeni maji.