Ami ameuza shamba la babu, bikoni (alama za mpaka) zimeingia hadi kayani. Nianzie wapi?

BintiMtongwe
Hamjambo wenzangu. Mimi niko Mtongwe, shamba liko Kwale, limepakana na msitu wa kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Hati ina jina la babu, aliyefariki 1998. Mirathi haikufunguliwa; kila mtu alijua mikorosho yake, basi.

Jumamosi nilikwenda kumwona bibi. Mikorosho ya upande wa chini yote imelala, tanuri mbili za makaa zafuka moshi. Mbambakofi wa mpakani, tuliokuwa tukiokota mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu tukichezea, umebaki kisiki. Nyuma ya kisiki kuna bikoni mpya, saruji ina unyayo wa kuku, nayo imeingia kayani kama hatua 30. Kumbe ami mdogo ameuza ekari 3, na mnunuzi anakata ploti za futi 50 kwa 100. Ami anasema wameandikishana kwa chifu, kwa hiyo mambo yako sawa.

Wazee wa kaya hawamsalimii bibi tena, wanadhani sote tumekula pesa. Vijana wanasema watang'oa bikoni usiku. Nianze na nani?

BabaKongowea
Anza na hao vijana, dada. Kung'oa bikoni ni kosa. Akishikwa mmoja wenu, mnunuzi ndiye atakayekuwa mlalamishi na nyinyi washtakiwa. Piga picha tu, zenye tarehe.

KaraniMstaafu
Mali ya marehemu haiuzwi na mtoto mmoja. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema hivyo, na kuigusa bila idhini ni kosa la jinai. Karatasi ya chifu ni ushahidi kwamba watu walikaa wakaongea, si zaidi. Tena shamba la kilimo lataka kibali cha lendi bodi, ile bodi ya kudhibiti ardhi. Muulize ami kiko wapi.

Fanya sachi, yaani uangalie rekodi za umiliki katika ofisi ya ardhi. Jina la babu likiwa bado liko, weka kosheni (pingamizi kwenye rejista ya ardhi) haraka. Lakini ujue kosheni huzuia usajili, haizuii panga. Ukitaka miti isimame, omba amri ya mahakama. Mirathi yenyewe, kama nyote ni Waislamu na mmekubaliana, Kadhi anaweza kuisikiliza.

Mdigo_wa_Waa
Nyote mmeshika shamba, msitu mmeuacha. Hizo ni kesi mbili. Ekari 3 ni za ukoo wenu. Kaya si yenu wala si ya ami. Kaya nyingi zimetangazwa kuwa turathi za taifa tangu 1992, na Makumbusho ya Taifa wana rekodi za mipaka. Uliza kama ya kwenu imo. Na usiende na wakili kwa wazee, utawakasirisha zaidi. Nenda na bibi.

Mkwezi77
Mwamlaumu ami bure. Mkorosho wa siku hizi wakupa nini? Makaa ndiyo yanayolipa karo.

BintiMtongwe
Mkwezi, karo naijua. Lakini ekari 3 zile zina kaburi la babu.

Leo nimefanya sachi, jina bado ni la babu. Kosheni naweka Jumatatu. Bibi alikuwa ameficha cheti cha kifo ndani ya mkoba wa ukili, chini ya kaniki zake, na kaniki moja ameitoa akaianika. Kesho alfajiri anakwenda kwa wazee mwenyewe, mimi nimbebee tu kuku. Nilipomuuliza atawaambia nini, alisema hana la kuwaambia: atawaonyesha bikoni, wahesabu hatua wenyewe.

Ami hapokei simu.